Matobolwa ya Ipuli

Haya, nimerudi. Wale waliokuwa wananiuliza nimepotelea wapi, jibu ni Tabora. Sikwenda kikazi, hakuna aliyenituma wala kunilipa nauli. Nilikwenda kumsalimia mjomba, na nikiwa huko nikaenda gulioni Ipuli kununua matobolwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Nilidhani nitaandika aya mbili tatu kuhusu bei ya nyanya na kuweka picha. Badala yake nimerudi na jambo ambalo mjomba aliniomba nisiliandike, na ambalo sasa ninaliandika. Chukua kikombe cha chai, maana leo ni ndefu.

Kwa wasioijua, Ipuli ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, ipo pembezoni kidogo ukitokea katikati ya mji. Bodaboda alinichukua saa kumi na mbili na nusu asubuhi toka Ng'ambo kwa mjomba, nikiwa nimejifunga koti la mpira kama naelekea Njombe. Ilikuwa Julai. Watu wa Dar tunadhani baridi ipo Arusha na Mbeya tu, lakini asubuhi ya kiangazi ya Tabora juu ya pikipiki haina adabu hata kidogo.

Rafiki yangu mmoja anayesoma Ulaya aliniandikia siku chache kabla akinisimulia soko la wiki la maua na mboga katika mji mkongwe anakoishi. Akaniuliza, "Na nyie huko mnayo?" Mboga tunazo, nikamjibu, maua labda kwenye khanga. Na kweli, khanga zilikuwa maua matupu. Lakini nilimdanganya kidogo. Mwezi wa saba miembe ya Tabora inatoa maua, vile vishada vya rangi ya maziwa ya mtindi iliyochanganyika na vumbi, na upepo ukipita vinadondoka juu ya maturubai ya wauzaji. Mama mmoja alikuwa anayapuliza toka kwenye mafungu yake ya vitunguu kila baada ya dakika mbili, huku akiulaani mwembe. Basi maua yalikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anayauza.

Siku ya mnada Ipuli kuna kila kitu. Ng'ombe na mbuzi upande wao, mitumba upande wake, masufuria, dawa za panya zinazotangazwa kwa kipaza sauti, nyama choma inayoanza kunukia hata kabla jua halijapasha. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mboga. Mchicha, matembele, chainizi, nyanya, bamia, nyanya chungu, biringanya. Pembeni kuna vitu ambavyo Dar huvioni kirahisi: nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yanayopikwa na karanga mpaka ukasahau kwamba nyama ipo duniani. Choroko kwenye viroba. Asali kwenye chupa za soda na kwenye madumu ya mafuta ya kula. Michembe. Na matobolwa.

Hapa nisimame kidogo, maana najua wengi mnachanganya. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, halafu vikaanikwa. Yana utamu unaokuja taratibu, na ukiyatafuna makavu taya zitakuuma hadi jioni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anayatafuna anaposikiliza redio, na sisi wajukuu tukilia njaa anatupa kipande kimoja kimoja kama anatoa dawa. Wenyeji wengi wa Tabora watakwambia kwamba hata jina la mji wao limetokana na neno hilo: matobolwa, au matoborwa, kisha Tabora. Sina namna ya kulithibitisha. Ila napenda kuamini kwamba mji uliopewa sifa zote hizi za pembe za ndovu, za Mirambo, za Livingstone na Stanley, kumbe umepewa jina la kiazi.

Nikamfuata mama mmoja wa makamo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu matobolwa." Nikajaribu kujipendekeza kwa neno moja la Kinyamwezi nililobaki nalo, "Mwangaluka." Akacheka, akaitikia, kisha akaporomosha sentensi ndefu ambayo sikuambulia kitu. Nikaona aibu. Nikajitetea kwamba mimi nimezaliwa Dar, lakini bibi yangu mzaa mama ni wa hapa hapa.

"Bibi yako kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi wa wapi? Wa ukoo gani?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nikamwambia kitu pekee ambacho bibi alikuwa anasema kila tulipomuuliza swali hilo: "Bibi alikuwa anasema sisi tulikuja na njia."

Yule mama aliacha kupima. Alinitazama, siyo kwa ubaya, akasema, "Aaa. Tupo wengi." Kisha akajaza sado yangu hadi ikafanya kilima, akaongeza kiganja kizima cha nyongeza, akapokea elfu nne zake na kumgeukia mteja mwingine. Basi. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza zaidi, mwandishi wa habari mzima! Nilisimama pale na mfuko wangu wa matobolwa nikijiuliza ni jambo gani hasa ambalo mimi na yule mama tumekubaliana.

Sasa njoo na mimi nyuma kidogo.

Njia aliyokuwa anaisema bibi ni ile ya misafara, toka Bagamoyo na pwani ya jirani hadi Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo ilipo, kisha ikigawanyika: moja Ujiji na kuvuka Tanganyika kwenda Manyema, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Novemba 7, mahali walipopaita Kazeh. Zaidi ya miezi minne kwa miguu. Burton hakukuta mji wenye mitaa. Alikuta matembe machache makubwa, yaani zile nyumba za mraba zenye paa la udongo na ua katikati, kila moja na bustani na vibanda vyake vya watumwa. Mwenyeji wake alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi, ambaye alianza maisha akiuza halua na vitamutamu Muscat na ndani ya miaka kama kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa barani. Mwuza halua! Kila nikipita kwenye sinia la kashata sasa namkumbuka yeye.

Alipokuja Henry Stanley mwaka 1871, Tabora ilikuwa imekua. Alikadiria wakazi wapatao elfu tano. Na Stanley, pamoja na majigambo yake yote (na alikuwa nayo ya kutosha kujaza mabehewa), alikuwa mwandishi wa habari kama sisi, alijua kutazama sahani. Aliorodhesha vyakula. Mpunga kila mahali, viazi vitamu, muhogo, mtama, mahindi, ufuta, choroko kwa bei rahisi wakati wote. Maziwa, siagi na samli. Ngano kidogo ikilimwa kuzunguka matembe ya Waarabu kwa matumizi yao. Michungwa, milimau, mipapai, miembe. Halafu vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya, lakini hivi, anasema, mgeni mzungu aliweza kuvipata kwa wale Waarabu wakubwa waliopenda kula vizuri.

Soma tena orodha hiyo halafu nenda Ipuli siku ya mnada. Ni ile ile! Ukiondoa chainizi na vingine vichache, mafungu niliyoyakanyaga-kanyaga asubuhi ile yote yamo katika orodha ya mwaka 1871. Tofauti ni moja. Wakati ule nyanya na biringanya zilikuwa mboga za nyuma ya ukuta wa tembe, za mezani kwa bwana. Leo zimekaa chini kwenye turubai, fungu mia tano, na mama wa Ipuli ndiye anayepanga bei.

Swali ambalo Stanley hakujisumbua nalo ni hili: nani alishika jembe?

Tumefundishwa kuwa Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Ni kweli, na tena walikuwa mahodari, watu wa kujivunia kazi yao. Wengi wao walikuwa watu huru wanaolipwa ujira, siyo watumwa kama filamu zinavyotuonyesha. Mzigo mmoja ulikuwa kama frasila mbili, tuseme kilo thelathini na kitu, begani, toka hapa hadi baharini. Kijana ambaye hajafika pwani alikuwa kama hajawa mwanamume. Sawa. Lakini maelfu ya vijana wakiwa njiani kiangazi chote, na wengine wasirudi hata mvua zinapoanza, nani analima? Na huku misafara ikipita inataka chakula, chakula kingi, kila siku. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama robo tatu ya kilo hivi. Zidisha kwa msafara wa watu mia tano waliokaa Unyanyembe wiki tatu wakisubiri vita viishe au mvua ikatike. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, lakini ukiifanya unaanza kuona mashamba, na ndani ya mashamba unaona migongo iliyoinama.

Walilima wake wa wapagazi. Na walilima watumwa, ambao wengi wao walikuwa wanawake na watoto walioletwa toka magharibi, hasa toka Manyema ng'ambo ya ziwa. Ukweli huu huwa tunauruka. Tukisema utumwa akili inakwenda Unguja, kwenye karafuu na lile jumba la Mkunazini. Tunadhani kila aliyefungwa minyororo alifika baharini. Wengi hawakufika. Walinunuliwa hapa, wakabaki hapa, wakapewa jembe hapa. Mpagazi Mnyamwezi aliyerudi na ujira wake wa merikani na shanga aliweza naye kununua mtu wa kumlimia wakati yeye yupo safarini tena. Ndiyo, mtu huru wa kabila letu tunalolisifu. Sisemi ili kumtukana mtu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nadhani damu yangu mimi imo pande zote mbili za jembe hilo.

Nitoke nje ya njia kidogo. Mmewahi kujiuliza ni maneno mangapi ya kila siku tuliyoyaokota kwenye njia ile? Posho, kwa mfano. Ilikuwa ni kibaba cha mtama cha mtu anayebeba mzigo, leo ni bahasha ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akisikiliza semina. (Wenzangu wa habari, msininunie, na mimi nimeshapokea.) Na hongo je? Hongo ilikuwa ushuru halali kabisa, msafara ukipita kwenye nchi ya mtemi unalipa vitambaa na shanga, unapewa njia. Leo ukilitamka neno hilo mbele ya ofisa atakutishia TAKUKURU.

Na ushuru huu ulimwaga damu. Karibu mwaka 1860 mtemi kijana wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe kodi kwa bidhaa zinazoingia nchini mwake. Wakakataa. Wakamfukuza na kumweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele akageuka mtu wa porini, akapigana nao kwa miaka, na katika vita hivyo hivyo Snay bin Amir, mwuza halua wetu, akauawa. Speke alipopita tena mwaka 1861 alikutana na Mnywa Sele uso kwa uso na akasikia malalamiko yake yote. Miaka kumi baadaye Mirambo wa Urambo naye akafunga njia ya Ujiji kwa ugomvi wa hongo na wa wakimbizi, na Agosti 1871 akachoma sehemu ya Tabora huku Stanley akitazama moshi toka Kwihara. Nikiwa nawaza hayo pale Ipuli, akapita kijana na mashine ya risiti akidai ushuru wa manispaa, na mama wa vitunguu akamwambia apite baadaye, hajauza kitu. Walibishana kama dakika tano, tena kwa utani. Hakuna aliyeitwa Mirambo.

Kwihara nilikwenda pia, mchana wa siku ile ile, na sitakaa hapo sana. Ni kilomita kadhaa nje ya mji. Kuna tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872, Februari hadi Agosti, akisubiri watu na mizigo. Kuna picha, barua, ramani. Ni mahali pazuri, patulivu, nendeni. Mimi lililonigusa ni ua wa katikati. Ukisimama pale unajua kabisa kwamba nyumba ile ililishwa na watu wengi ambao hakuna picha yao ukutani. Shule ya msingi tulikaririshwa kwamba Rebmann aligundua mlima Kilimanjaro, kana kwamba Wachaga walikuwa wanadhani ni wingu. Kwihara ni ugonjwa huo huo, ila kwa sauti ya chini.

Lakini Livingstone nina deni naye, na hapa ndipo ninapofika kwenye lile la bibi.

Kabla ya kuja Tabora, Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, Manyema, ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Nyangwe ilikuwa na soko. Soko la wanawake. Walikuja toka pande zote mbili za mto, kwa mitumbwi na kwa miguu, na samaki, mihogo, mawese, chumvi, vyungu, kuku. Mzee yule mgonjwa, aliyekwama bila mitumbwi, alilipenda soko hilo. Alikwenda siku ya soko kutazama tu, kusikia kelele, kuwaona kina mama wakibishana bei na kucheka. Aliandika kwamba kwao soko ni raha ya maisha. Nadhani angependa Ipuli.

Julai 15, 1871, watu kama elfu moja na mia tano wakiwa sokoni, wafuasi wa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Dugumbe wakaingia na bunduki. Ulizuka ubishi wa bei ya kuku. Halafu risasi. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kukwama, wakajitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona yote. Alikata tamaa ya kuendelea, akageuka kurudi Ujiji, na ndiyo maana Stanley alimkuta pale. Ile salamu yao maarufu ambayo hata mtoto wa Standadi Faivu anaijua ilizaliwa na soko la wanawake lililopigwa risasi. Nimeisoma historia kwa miaka kumi na sita na hakuna mwalimu aliyewahi kunisimulia upande huo.

Sisemi kwamba bibi yake bibi yangu alikuwepo Nyangwe siku ile. Hesabu haikubali. Bibi alizaliwa mwaka 1936. Mama yake alizaliwa karibu mwaka 1910. Bibi yake, kwa hiyo, alizaliwa labda karibu 1880, na akaletwa akiwa mtoto, kabla Wabelgiji hawajaichukua Nyangwe mwaka 1893 katika vita vyao na Waarabu wa Manyema. Hayo nimeyapata kwa mjomba usiku ule, baada ya kumwekea matobolwa mezani na kumwambia maneno ya mama wa Ipuli.

Mjomba ni mtu wa utani, lakini alitulia. Akauliza, "Alisema hivyo? Tupo wengi?" Halafu akanisimulia, kwa vipande. Kwamba bibi yake bibi aliletwa na msafara toka ng'ambo ya ziwa, akiwa na umri wa kubeba kikapu. Kwamba alilimishwa shamba la mtu mmoja jirani na mji. Kwamba alipovunja ungo aliolewa, au alichukuliwa, lugha ya mjomba haikuwa wazi hapo na sikumlazimisha. Kwamba kila alipoona watu wageni wengi kwa pamoja alijifungia ndani, hadi uzeeni. Na kwamba hakuwahi kwenda sokoni. Alipanda, alivuna, alichemsha viazi, alianika matobolwa juu ya jabali, lakini kwenda kuuza alikuwa anatuma watoto.

Hilo la soko lilinikaa kifuani. Mjomba hajui sababu. Na mimi nimejizuia kuibuni.

Wajerumani walipokuja hawakufuta utumwa, msidanganywe. Januari 1893 walimshinda Mtemi Isike, ambaye alijilipua ndani ya ngome yake na baruti kuliko kutekwa, wakajenga boma, wakaendelea na maisha. Mtumwa aliweza kujinunua au kununuliwa akapewa hati. Amri ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 atakuwa huru. Kwa hiyo mama yake bibi, wa 1910, alizaliwa huru kutoka kwenye tumbo lisilo huru. Wabelgiji waliitwaa Tabora Septemba 1916, wakaondoka, Waingereza wakaja, na sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ikapitishwa mwaka 1922. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili! Reli ilikuwa imeshafika Tabora tangu 1912, mpagazi ameshapoteza kazi, vita kuu ya kwanza imeshapita, ndipo karatasi inatoka. Mwanahistoria Jan-Georg Deutsch aliandika kitabu kizima mwaka 2006 kuonyesha kwamba utumwa huku ulikufa kwa sababu watumwa wenyewe waliondoka, walijadiliana, walihama, walijiita majina mapya, kabla serikali haijaamka. Nadhani ndicho alichofanya bibi yake bibi. Alijiita Mnyamwezi. Watoto wake wakawa Wanyamwezi. Na alipoulizwa wa ukoo gani, akatunga jibu ambalo siyo uongo: tulikuja na njia.

"Usiandike," mjomba akasema. Nikamuuliza kwa nini, ni zaidi ya miaka mia. Akasema miaka mia siyo kitu Tabora. Akanikumbusha kwamba kuna binamu yangu aliyekwenda kuposa miaka ya nyuma, mazungumzo yakaenda vizuri, halafu mzee mmoja wa upande wa pili akauliza lile lile swali la ukoo, na baada ya hapo hawakuitwa tena. Hakuna aliyesema neno. Hawakuitwa tu. Mimi nilikuwa mdogo, niliambiwa yule binti alikuwa na mchumba mwingine.

Nikamwambia mjomba kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Akasema hiyo ndiyo sababu ya kutoandika. Tukanyamaza wote, tukatafuna. Yeye ana meno mabovu, anayaloweka kwanza kwenye chai.

Nililala nikiwa nimeamua kumtii. Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa akisema usi- unakunja mkeka. Asubuhi nilimkuta ameshaamka, amekaa kibarazani na redio, na bakuli la matobolwa limebaki nusu. Akaniambia bila kunitazama, "Ukiandika, usiseme jina lake." Nikamwambia sawa, kisha nikamuuliza, jina lake ni nani? Akataja jina ambalo Waswahili walikuwa wanawapa watumwa, lile linalosikika kama shukrani kwa bwana. Nikauliza, na lile la kwao? Akazima redio. Akasema hilo hajui, mama yake hakumwambia, labda hata yeye hakuambiwa. Ila kuna ndugu yetu mmoja, mwanamke mzee sana, upande wa mama yake bibi, yupo Ujiji. Wale waliobaki kule hawakujiita Wanyamwezi, walijiita Wamanyema moja kwa moja na wanasherehekea ngoma zao. Yeye huenda anajua.

Namba yake ya simu haipatikani, nimejaribu mara nne. Mjomba anasema siku hizi anasikia kwa shida, simu haitasaidia, ni kwenda tu. Treni ya Kigoma inapitia Tabora, na nimeshaanza kuulizia nauli. Nitapita Ipuli kwanza kuchukua sado mbili za matobolwa. Mjomba amenionya kwamba Ujiji wanayapenda, na kwamba mtu haendi kwa bibi kizee mikono mitupu.